Usambara, Kerio au Kivu: safari ipi ya milimani inaifaa miguu yako?

Likizo ikikaribia, ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa wapanda baiskeli wenzangu ni mmoja: "Nina siku tano, nina baiskeli ya gia, nataka milima. Niende wapi?" Nami hujibu kwa swali: unapenda kulipa vipi?

Sizungumzii nauli. Mlima wowote una deni lake, na mpanda baiskeli hulilipa kwa mapaja na pumzi. Tofauti ipo kwenye namna ya kulipa. Milima ya Usambara inadai yote mlangoni, hujaonja hata upepo wa baridi. Bonde la Kerio linakukopesha: linakupa mteremko wa bure asubuhi, mchana linakuja na daftari lake. Ziwa Kivu linauza rejareja, mita mia hapa, mita mia mbili pale, kutwa nzima, na jioni ukijumlisha unashangaa fedha zimekwendaje.

Njia hizi tatu nimezipanda zote, mojawapo zaidi ya mara moja, na kila moja imewahi kunishusha kwenye baiskeli nikasukuma kwa mguu. Sitakuambia ipi ni bora. Nitaziweka kwenye mizani moja, kisha utachagua.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Unaanzia Mombo kwenye barabara kuu ya Tanga kwenda Arusha, unapanda hadi Soni na Lushoto, unaendelea Magamba na Lukozi, halafu Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa kama ndege kwenye ukuta. Ni takriban kilomita 100 kwenda, na wengi hurudi kwa njia ile ile.

Ya pili ni ya Kenya: Eldoret, Iten, Tambach, kuvuka Mto Kerio pale Chebloch, kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, kisha kuteremka Marigat na kumalizia Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo. Hesabu kilomita 150 hivi, zote za lami.

Ya tatu ni ya magharibi mwa Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi kando ya Ziwa Kivu, kupitia Karongi na Nyamasheke. Njia ya matembezi na baiskeli iliyowekwa huko, Congo Nile Trail, ina kilomita 227. Siku hizi ipo pia barabara ya lami inayofuata ziwa, kwa hiyo waendeshaji wengi huchanganya: kipande cha vumbi, kipande cha lami.

Najua kuna atakayeuliza mbona nimeiacha Kitulo, kule kusini mwa Tanzania, na kona 57 za Chimala zinazopanda huko. Nimeiacha kwa sababu ile si safari ya kulinganishwa na hizi. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, usiku wa Juni na Julai baridi yake ni ya umande kuganda, na juu kule vijiji vimeachana mno. Malizeni mojawapo ya hizi tatu kwanza, ndipo tuongee habari za Kitulo.

Tunapima nini

Nimechagua mambo sita: mwinuko unavyokuja; barabara na baiskeli inayoifaa; kula, maji na malazi; majira na hewa; usalama; na mwisho, jambo ambalo wageni husahau kuliuliza, kama kuna namna ya kutoka njiani miguu ikigoma. Mandhari sikuyapima. Zote tatu ni nzuri kiasi kwamba kuzishindanisha ni kugombanisha ndugu.

Mwinuko unavyokuja

Mombo iko kwenye tambarare yenye joto, mita 400 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yao kuna kilomita 33. Ukipiga hesabu ya haraka unapata wastani wa mita tatu kwa kila mita mia, ukatabasamu. Usitabasamu. Sehemu kubwa ya kupanda imerundikana kabla ya Soni, ambapo barabara inajikunja kandokando ya bonde lenye mto chini na mwamba juu, na jua la Mombo bado liko mgongoni. Baada ya Soni mwinuko unalegea na hewa inabadilika; hapo ndipo unapoanza kuwaza chai. Ukidhani umemaliza, siku ya pili kuna mlima wa Magamba, kama kilomita saba kutoka Lushoto mjini, wenye hasira kuliko ule wa jana. Baada ya hapo unakuwa juu. Njia ya kwenda Mtae inapanda na kushuka mgongoni mwa milima, lakini deni kubwa umekwishalilipa.

Kerio ni kinyume. Iten iko takriban mita 2,400, na kutoka Eldoret kufika huko ni kupanda kwa upole ambako mtu mzima wa afya hawezi kulalamika, isipokuwa kwa hewa, ambayo nitaisema baadaye. Ukipita tu Iten ardhi inakatika. Barabara inashuka Tambach, inashuka tena, kona baada ya kona, hadi uwe zaidi ya mita 1,000 chini ya pale ulipokunywa chai. Ni mteremko mtamu kuliko wowote ninaoujua Afrika Mashariki, na ndio unaodanganya watu. Mbele yako ukuta wa Tugen umesimama wima kama kabati, na Kabarnet iko juu yake, karibu mita 2,000. Kupanda huko ni mita 800 na zaidi, bila mahali pa kupumzisha miguu, na unakuanza saa tano au sita za mchana kwa sababu asubuhi yote ulikuwa unapiga picha.

Na ole wako ukiamua kurudi Iten kwa baiskeli siku inayofuata. Kupanda kutoka mtoni hadi Iten, kwa maoni yangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika makala hii.

Kivu haina mlima mmoja wa kuutaja. Ziwa liko mita 1,460, na vilima vinavyolizunguka vina vidole vinavyoingia majini. Barabara inafuata vidole hivyo: unashuka hadi kwenye ghuba, unavuka kijito, unapanda mgongo wa kilima, unaiona ghuba nyingine, unashuka. Hakuna kilima kinachotisha ukikitazama peke yake. Shida ni kwamba baada ya hicho kuna kingine, na baada ya hicho kingine. Siku ya tatu nilikuwa nimeinama juu ya usukani nikitafuta gia ambayo sikuwa nayo, nikapitwa na kijana mwenye baiskeli isiyo na gia hata moja, ya chuma, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma. Alikuwa anaisukuma kwa mguu, nami nilikuwa nimekaa juu ya yangu, na bado alinipita. Alinisalimu kwa adabu kabisa, jambo lililozidi kuniumiza.

Ukitaka kujua vilima vya Rwanda vinaweza kumfanya nini hata bingwa, kumbuka mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na jumla ya kupanda karibu mita 5,500. Tadej Pogačar alishinda. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Na vilima vile vya Kigali ni vya aina hii hii: vifupi, vingi, visivyoisha.

Barabara na baiskeli

Hapa Kerio inapata alama rahisi. Ni lami toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo baiskeli yoyote yenye gia nyepesi na breki nzuri inafaa, hata ile ya mashindano yenye tairi nyembamba. Nasisitiza breki. Safari yangu ya kwanza nilishuka Tambach nikiwa nimebana breki muda wote kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto sokoni. Breki zangu zilikuwa za mpira zinazobana rimu. Nilisikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori. Halafu tyubu ya mbele ikapasuka kwa kishindo. Rimu ilikuwa imepata moto hata kuigusa sikuweza. Kosa lilikuwa langu. Breki hubanwa kabla ya kona na kuachiwa kwenye mnyooko, kwa zamu, mbele na nyuma, na ukiona zinapata moto unasimama unatazama bonde. Bonde lenyewe si haba kulitazama.

Usambara ni lami hadi Lushoto na mbele kidogo. Inakoisha, udongo mwekundu unaanza, na udongo ule una tabia mbili. Kiangazi ni vumbi laini linaloingia kwenye mnyororo na puani. Mvua ikinyesha ni gundi. Unazunguka mara tatu, gurudumu linajaa, halizunguki tena. Tairi nyembamba waachie wenyewe. Chukua ya inchi mbili au inayokaribia, yenye meno. Gia nyepesi kuliko zote inapaswa kuwa ile ambayo sahani ya mbele haizidi kubwa ya nyuma kwa meno. Mbele 30 na nyuma 36, kwa mfano, utamshukuru aliyekushauri.

Kivu inakuachia uamuzi. Ukikaa kwenye lami utapata barabara safi, ya kona nyingi na magari machache kiasi. Ukishuka kwenye njia ya vumbi, hasa kati ya Rubavu na Karongi, utapita vijiji vya wavuvi, mashamba ya kahawa na ya chai, na miinuko ya mawe ambayo itakushusha ukasukume. Tairi za wastani, za milimita 40 hivi, zinabeba pande zote mbili. Jambo moja kwa Watanzania na Wakenya: Rwanda huendesha upande wa kulia. Kwenye mteremko wenye kona, akili iliyozoea kushoto inaweza kukusahaulisha kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha. Mimi hufunga utepe mwekundu upande wa kulia wa usukani.

Kula, maji na pa kulala

Lushoto ina nyumba za wageni za kila mfuko, na Irente, kilomita tano hivi kutoka mjini, kuna shamba linalouza jibini, mkate na juisi za matunda yao wenyewe. Nimewahi kwenda Usambara kwa ajili ya jibini hilo nikisingizia mazoezi. Ukishaondoka Lushoto chaguo linapungua: Lukozi ni soko la mboga lenye migahawa ya wachuuzi, unakula wali maharage na kabichi iliyokatwa asubuhi hiyo hiyo, Mtae na kijiji jirani cha Mambo kuna pa kulala, lakini piga simu kabla. Njiani utakuta mapeasi, parachichi, ndizi na chai ya tangawizi. Maji ya chupa yapo kwenye maduka ya vijiji, na kwa kuwa vijiji vimekaribiana, huhitaji kubeba zaidi ya lita mbili.

Kerio ndiyo njia ya kubeba maji kwa akili. Juu Iten na Kabarnet kuna kila kitu: hoteli, chapati, ugali na mboga za kienyeji, mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kwa wanaoyaweza. Iten imezoea wanariadha wa dunia nzima kwa miaka mingi, na lango lake limeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni nyumbani kwa mabingwa, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa kwa kuvaa kaptura ya kubana. Bondeni kati ni joto na miiba. Msimu wa maembe utayakuta yamepangwa barabarani, na upande wa Kabarnet kwenda Marigat utakutana na wauza asali ya Baringo iliyowekwa kwenye chupa za soda. Lakini kati ya mto na kilele cha Tugen usitegemee duka. Jaza lita tatu kabla ya kuanza kupanda.

Kivu ni ya kujinafasi. Karongi na Rubavu zina malazi ya aina zote kandokando ya maji, na katikati kuna nyumba za wageni za misheni na vijumba vya kulala wageni vilivyopangwa kwa urefu wa siku ya baiskeli. Chakula cha ziwa ni sambaza, wale dagaa wa Kivu wanaokaangwa wakavu ukala kama karanga, na kila mji una duka la maziwa ambapo unakaa kwenye benchi, unapewa kikombe cha maziwa ya moto au ya mgando, na chapati. Kwa mpanda baiskeli hiyo ni pepo. Jioni unaweza kuogelea: Kivu haina mamba wala kiboko, kinyume cha Baringo, ambako wote wawili wapo na maji yamekuwa yakipanda kwa miaka hadi yakameza hoteli na nyumba za kando. Kampi ya Samaki oga bombani.

Majira na hewa

Usambara iepuke masika, Machi hadi Mei, na ujihadhari na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mimi nilibishana na vuli mara moja, Novemba. Nilisukuma baiskeli kilomita nne kwenye gundi ile, nikiitoa kwa kijiti kila hatua ishirini, hadi Fuso la kabichi lilipopita likanihurumia. Juni hadi Agosti njia ni kavu, ila Lushoto ina baridi ya kweli. Mtu wa pwani abebe sweta na asione haya.

Kerio ina hali mbili za hewa kwa siku moja: asubuhi Iten unapuliza moshi mdomoni, adhuhuri bondeni joto linapita nyuzi 30. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri. Mvua nyingi huleta maporomoko kwenye ukingo wa bonde; kijiji cha Chesongoch, kaskazini zaidi ya njia yetu, kilikumbwa vibaya Aprili 2020. Halafu kuna hewa yenyewe. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akifika mita 2,400 atashangaa ngazi za nyumba ya wageni zinamtoa jasho. Lala Iten usiku mbili kabla ya kugusa mlima wowote. Hiyo haihitajiki Lushoto, na Kivu ni kidogo tu.

Rwanda nenda Juni hadi katikati ya Septemba. Mkoa wa Magharibi ndio ulioumizwa zaidi na mafuriko na maporomoko ya Mei 2023, watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, Rubavu na Karongi zikiwemo. Milima ile ikilowa si ya kuichezea.

Usalama

Nitasema bila kuzungusha. Usambara ni njia ambayo ningempeleka mama yangu, kama angekubali kupanda. Hatari yake ni mabasi ya Lushoto kwenye kona za Soni: yanapiga honi, nawe unasogea ukutani, si ukingoni.

Kerio kusini, yaani njia hii ya Iten hadi Kabarnet, ni barabara yenye shughuli za kila siku. Kaskazini mwa bonde, kuelekea Tot, na maeneo ya mashariki na kaskazini ya Baringo, kumekuwa na wizi wa mifugo wenye bunduki kwa miaka mingi. Hiyo haina maana uache safari. Ina maana usitoke kwenye njia kuu kwa sababu ramani ya simu imekuonyesha njia ya mkato, na kabla ya kushuka Marigat uulize Kabarnet hali ikoje wiki hiyo. Watu watakuambia ukweli. Salimia kwanza, "Chamgei", kisha uliza. Bondeni kuna tembo pia, wa hifadhi ya Rimoi. Nao hawajali nani ana haki ya njia.

Kivu, ndani ya Rwanda, ni tulivu na watu wapo barabarani tangu alfajiri. Lakini Rubavu imepakana na Goma, na Rusizi imepakana na Bukavu, miji miwili ya Kongo iliyotekwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025. Uliza hali ya mipaka kabla ya kukata tiketi, na usipange kuvuka kwa baiskeli kwa kujaribu tu. Kwa hati za kusafiria, Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho. Mtanzania abebe pasipoti. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, imepigwa marufuku tangu 2008 na mpakani wanakagua. Na ukiwa njiani Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ni umuganda, kazi za jamii. Maduka yamefungwa hadi zikaribie saa sita, kwa hiyo nunua mkate Ijumaa.

Lugha haitakusumbua popote, ingawa kwa viwango tofauti. Lushoto ni Kiswahili, pamoja na shikamoo kwa kila mzee unayempita, hata ukiwa huna pumzi. Iten na Kabarnet ni Kiswahili cha Kenya kilichochanganyika na Kikalenjin. Rwanda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi 2017, na miji ya mpakani kama Rubavu na Rusizi wanakiongea sana kwa sababu ya biashara na Wakongo. Milimani katikati, wazee wengi watakujibu kwa Kinyarwanda. "Amakuru?" "Ni meza." Mengine ni mikono. Kote kutatu utaulizwa swali moja, kwa kuwa mikoba miwili ya nyuma inafanana na ya mchuuzi: unauza nini? Kule Manolo, kijiji cha Usambara, nilipojibu kwamba siuzi kitu, ninatembea tu, bibi mmoja alinitazama kwa huruma akanipa peasi mbili.

Miguu ikigoma

Kerio ndiyo rahisi kuliko zote. Matatu zinapita kutwa, na hakuna kondakta atakayekataa kupakia baiskeli juu ukikubaliana naye bei kabla ya kupanda, si baada. Kutoka Marigat kuna lami hadi Nakuru, kilomita 100 hivi, mnapita mstari wa ikweta pale Mogotio, na Nakuru unapata basi la popote.

Usambara unashindwa kwa ratiba. Mombo hadi Lushoto magari yapo mengi. Lushoto hadi Mtae mabasi ni machache na huondoka kwa saa zake. Ukikwama saa tisa alasiri zaidi ya Lukozi, tegemeo lako ni bodaboda au lori la mboga. Faida yake: ukiamua kugeuza kabla ya kupita Magamba, karibu njia yote iliyobaki ni kushuka.

Kivu kuna mabasi kwenye barabara ya lami, lakini mengi ni madogo na baiskeli inaweza kuhitaji kulipiwa kiti chake. Boti za ziwani zinasaidia. Ulizia ratiba gatini, hazitoki kila siku. Ukiwa kwenye njia ya vumbi, pikipiki itakufikisha lami.

Nani aende wapi

Kama hii ndiyo safari yako ya kwanza ya milimani na una siku tatu au nne, na unatoka Tanga, Moshi, Arusha au Dar, Usambara inakufaa. Unalipa siku ya kwanza, unalala Lushoto, na ukiona Mtae ni mbali unabaki Irente unatazama tambarare kutoka juu, bila aibu. Kama huna tairi za vumbi, ishia Magamba, bado ni mlima wa heshima.

Kama una baiskeli ya lami, unafanya mazoezi, unapenda mlima mmoja mrefu wa kujipima dhidi ya saa, nenda Kerio. Inawafaa pia wenye wikendi ndefu tu, maana Iten hadi Kabarnet ni siku moja, kilomita kati ya 50 na 60. Isiwe safari ya kwanza kwa mtu mwenye woga wa miteremko, wala kwa mwenye shinikizo la damu ambaye hajamwona daktari. Anza Iten saa kumi na mbili na nusu asubuhi, picha utapiga kesho.

Kama una siku sita au saba na unasafiri na mwenza ambaye si mwendeshaji wa kujitesa, Kivu. Siku inaweza kuwa ya kilomita 40, unafika saa nane, unaogelea. Mkiwa wawili wenye nguvu tofauti, vilima vifupi vinawakutanisha kila dakika ishirini kileleni, wakati mlima mrefu wa Kerio utawatenganisha saa nzima, na huo ugomvi wa jioni naufahamu. Haitakufaa kama unachukia kupanda ulichokwisha kushuka, kwa sababu utafanya hivyo mara arobaini.

Kwa wenye watoto wanaoendesha wenyewe, miaka kumi na mbili kwenda juu: Kivu kwenye lami kwa vipande vifupi, au Usambara mkianzia Lushoto kwa kupandishwa na basi, mkazunguka Irente na Soni. Kerio subirini.

Kwa aliyekwisha fanya zote tatu na anaona amezimaliza: fanya Kerio kinyume. Toka Kampi ya Samaki, panda Kabarnet, shuka Chebloch, panda Iten, kwa siku mbili, na mizigo juu. Nimejaribu. Nilifika Tambach, nikaketi kwenye kibanda cha chai, na kutoka pale hadi Iten nilikuwa ndani ya matatu, baiskeli ikiwa juu ya paa.